Nyota ya Saba Wakati wa Mvua

Machi 4

Leo tumefunga kuba la darubini mpaka mvua ziishe. Fundi amepaka grisi kwenye reli, amefunika kioo cha darubini kwa turubai mbili, ameziba mianya yote kwa utepe wa gundi. Halafu Mkuu akatoa hotuba yake ya kila mwaka: "Mvua ni likizo ya kioo. Asiyependa kupumzika akalime." Fundi akacheka mahali palepale anapochekaga.

Mkuu wa kituo hiki cha kutazama nyota ni baba yangu mzazi. Kazini namwita Mkuu, nyumbani namwita Baba, na kwa kuwa tangu ndoa yangu ivunjike naishi kwake, kuna siku namwita Mkuu tukiwa mezani na hakuna anayecheka. Mwezi wa sita anastaafu.

Machi 6

Mvua.

Machi 9

Mvua. Nimepanga upya picha za mwaka jana. Mama ameniuliza kama nyota nazo zinalowa. Nimemjibu ndiyo, akaniambia basi tuzianue.

Machi 11

Asubuhi nimefungua kompyuta nikakuta tangazo: setilaiti imeona mmweko wa miale ya gamma. Matangazo haya huja kila mara, na mimweko mingi iko mbali mno kwa kioo kidogo kama chetu. Huu wa leo umeangukia kwenye galaksi ambayo umbali wake unajulikana, na kwa vipimo vyetu ni jirani kabisa. Nilisimama kabla sijamaliza kusoma.

Nieleze kwa nini, ili siku nikija kusoma haya nisijione mwendawazimu. Mmweko wenyewe hudumu sekunde chache. Kisha hubaki mng'ao unaofifia siku hadi siku. Watu wanabishana kuhusu chanzo chake. Wapo wanaosema ni nyota kubwa, nzito kuliko jua letu mara nyingi, iliyoishiwa kuni zake. Kiini kinaporomoka, na mkondo mwembamba unatoboa nyota na kuchomoka pande mbili. Ukiwa umesimama mbele ya mkondo unaona mmweko. Ukiwa pembeni unaona nyota imelipuka tu, supanova ya kawaida. Kama wanasema kweli, basi mng'ao ukishafifia wiki moja au mbili, supanova itajitokeza chini yake. Mwanga utaacha kushuka, utapanda kidogo, kisha utashuka tena. Ni kinundu tu kwenye mstari, lakini atakayekionyesha kwanza na kwa uhakika atakuwa amejibu swali.

Kila makala niliyowahi kuandika imesomwa kama makala ya binti wa Mkuu. Kinundu hiki nakitaka kiwe changu.

Nikamwendea Baba ofisini. Alikuwa anachovya mkate kwenye chai.

"Kuba limefungwa," alisema.

"Likifunguliwa kwa saa mbili tu, kabla ya alfajiri, mawingu yakiachia. Fundi amekubali."

"Fundi anakubali kila kitu. Unyevu ukiingia kwenye kioo nani ataukausha, wewe na kanga yako?"

Nilimbembeleza kwa namna ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kubembeleza. Mwishoni alifuta mdomo, akasema sawa, kwa sharti moja: kila kipimo kipitie ya saba.

Ya saba ni nyota. Baba akiwa kijana alichagua nyota kadhaa zilizotulia, akazipima mpaka akaridhika, akazipa namba. Tunaziita nyota za mizani. Ukitaka kujua kitu kingine kinang'aa kiasi gani, unakilinganisha na mojawapo, kama muuza sukari na jiwe lake la kilo. Ya saba ndiyo anayoipenda kuliko zote. Kila mwaka mvua zikiisha, yeye mwenyewe huipima kwanza siku ya kufungua kuba, na kila mwaka inatoa namba ileile. Sisi watoto wake hatujawahi kumridhisha hivyo. Na mmweko huu, kwa bahati niliyodhani ni njema, umeangukia ubavuni mwake.

Machi 12

Tumeupata. Doa dogo, lakini ni lenyewe. Fundi alichungulia kwenye kompyuta, akasema, "Hiki ndicho kilichonitoa kitandani?" Halafu akakaa palepale mpaka kulipokucha.

Machi 14

Mawingu. Mng'ao umeshuka sana tangu juzi, kama ilivyotarajiwa.

Machi 15

Mvua.

Machi 16

Mvua, na kuba limevuja. Fundi ameweka ndoo.

Machi 20

Mawingu yaliachia kwa dakika chache. Nimepata picha nne, mbili zimeharibika. Kwa kipimo cha ya saba mng'ao unaendelea kushuka. Baba alipitia hesabu zangu moja moja akitumia kalamu nyekundu, kama zamani alivyokuwa akisahihisha kazi zangu za shule. Hakukuta kosa. Alichosema ni kwamba mwandiko wangu umeharibika.

Machi 25

Kuna kitu hakikai sawa. Niliiweka picha ya leo pembeni ya ile ya tarehe ishirini nikazitazama tu, bila hesabu. Karibu na doa letu kuna nyota moja hafifu isiyo na jina wala namba. Tarehe ishirini viwili hivyo viling'aa sawa. Leo doa limeipita kidogo. Lakini nikipima kwa ya saba, mng'ao unashuka bado.

Nimemwonyesha Baba.

"Jicho lako limechoka," alisema. "Jicho si mizani."

Machi 27

Leo nitaandika mpaka kalamu iishe.

Nilichukua nyota sita nyingine zilizomo kwenye picha zetu, ambazo hakuna aliyewahi kuzijali, nikazilinganisha zenyewe kwa zenyewe tangu siku ya kwanza. Zimetulia kama mawe. Kisha nikailinganisha ya saba na hizo sita. Inapanda. Si sana, na ndiyo maana haigutushi, lakini kila picha iko juu kidogo kuliko iliyotangulia. Jiwe la kilo linaongezeka uzito, na sisi tunalaumu sukari kwamba imepungua.

Nikapima doa letu kwa zile sita. Mwanga uliposhuka mpaka tarehe ishirini ulisita, na tangu hapo unapanda. Kinundu kiko pale. Supanova iko pale, inajitokeza chini ya mmweko kama ilivyotabiriwa, na mimi niliketi kwenye kiti kilichovunjika mgongo nikalia kwa furaha. Fundi alikuja na ndoo yake, akanikuta, akauliza nani amekufa. Nikamwambia nyota. Akasema pole, akaenda kumwaga maji.

Nadhani naelewa pia ilivyotokea. Ya saba hupimwa kila mwaka majuma yaleyale, kuba likifunguliwa. Baada ya hapo namba yake huchukuliwa tu kama ilivyo mpaka mwaka unaofuata. Wakati wa mvua hajawahi mtu kuitazama, kwa sababu wakati wa mvua tunafunga. Kama inapanda na kushuka kwa mwendo wa mwaka mmoja, au karibu na hapo, basi miaka yote hii Baba amekuwa akiikuta ikiwa katika hali ileile. Ni mgeni anayemtembelea mtu kila siku saa za chakula, kisha anasimulia kwamba nyumba ile hawaachi kula.

Kesho namwambia. Nimejaribu kufikiria uso wake nikashindwa.

Machi 28

Nilimwambia mezani, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu Mama alikuwepo.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Hakukunja uso. Alisogeza sahani, akauliza, "Hizo sita zako zimepimwa na nani?"

"Na mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na mbili."

"Na ya saba?"

Jibu alilijua mwenyewe. Tangu kabla sijazaliwa.

"Sasa nieleweshe, mwanangu. Una nyota uliyoijua maisha yako yote, na una nyota sita za barabarani ulizozikuta juzi. Zikigombana unawaamini wa barabarani?" Halafu, kwa sauti ya upole kabisa, "Kioo kimelowa. Unyevu umekaa upande mmoja, upande wa ya saba au upande wa hizo nyingine, ndiyo maana hazielewani. Nilikwambia kuhusu unyevu."

Kinachoniumiza ni kwamba si hoja ya kijinga. Ningekuwa mimi ni yeye ningeuliza hilohilo.

Machi 30

Nimemjibu kwa darubini. Fundi na mimi tumesogeza picha ili ya saba ikae kila kona, juu, chini, kushoto, katikati. Kama ni unyevu wa upande mmoja, tofauti ingehama. Haikuhama. Ya saba iko juu popote unapoiweka.

Nilimpelekea Baba karatasi ofisini. Aliiweka chini ya bilauri ya chai bila kuisoma.

Machi 31

Mvua. Karatasi bado iko chini ya bilauri. Sasa ina duara la chai.

Aprili 2

Baba ameandika taarifa ya kituo. Sentensi tano. Mng'ao unaendelea kufifia, hakuna dalili ya supanova. Majina mawili, lake kwanza, langu pili.

Nikamwambia, "Toa jina langu."

"Nikilitoa watauliza kwa nini."

"Basi waulize."

"Wewe unataka kituo kionekane kina vichwa viwili, miezi miwili na kitu kabla sijaondoka?"

"Nataka uende juu ukaitazame, Baba. Mara moja tu. Mawingu yakiachia, panda ukaipime mwenyewe."

Akasema hapimi nyota kwenye mvua. Hajawahi na hataanza leo.

Jioni Mama aliniita jikoni akafunga mlango. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua macho. "Mimi nyota zenu sizijui," alisema. "Yeye namjua. Ukimwambia huku dunia nzima inasikia kwamba alikosea tangu siku ya kwanza, hatalala tena ndani ya nyumba hii. Atakuwa anatembea tembea. Nitabaki nayo mimi, si wewe."

"Na mimi je, Mama?"

"Wewe bado una miaka mbele."

Mashine ya kutuma taarifa iko mezani kwangu, si kwake. Ningeweza kutuma yangu, na mchoro wa kinundu, kwa jina langu peke yake. Nilikaa mbele yake muda mrefu. Kisha nikatuma ya Baba.

Nimeiandika hapa ili nisije nikajidanganya kwamba nililazimishwa.

Aprili 3

Mvua.

Aprili 4

Mvua. Baba amechangamka, ameimba bafuni.

Aprili 6

Mawingu yaliachia. Kwa zile sita, mwanga bado uko juu. Sikumwambia mtu.

Aprili 9

Wametangaza. Kituo kingine, chenye kioo kikubwa mara nne ya chetu. Wameuchambua mwanga wa doa letu rangi kwa rangi na wamekuta alama za nyota kubwa iliyokwisha kupoteza tabaka lake la nje kabla ya kulipuka. Supanova, bila shaka yoyote. Wamechora na kinundu pia. Nimekiweka juu ya changu kwenye kioo cha dirisha. Vimelaliana.

Sentensi yao ya mwisho inasema matokeo haya yanapingana na taarifa ya tarehe mbili Aprili. Ndiyo yetu. Majina mawili.

Nimefurahi kwa sekunde chache, kwa ajili ya ile nyota, kwamba kuna mtu ameisikia. Kisha wivu ukanishika. Haujaniachia mpaka sasa ninapoandika.

Baba alisoma akiwa amesimama. "Wana kioo kikubwa," alisema, akatoka.

Aprili 10

Ametuma masahihisho. Safari hii alituma mwenyewe, alimwita karani amwonyeshe mashine inavyotumika. Nimeyakuta kwenye kompyuta yangu pamoja na matangazo mengine, kama mtu baki.

Yanasema hivi: vipimo vya kituo chetu vilichukuliwa na msaidizi, katika majira yasiyofaa, kinyume na utaratibu wa kawaida wa kituo, na visitumike.

Msaidizi.

Sikwenda nyumbani mpaka walipokwisha kula. Mama alikuwa ameniwekea chakula na kukifunika. Sikukigusa. Huyu ni mtu aliyenibeba mabegani nikiwa mdogo akanionyesha mwezi, na nimekuwa nikimsamehe mambo mengi kwa sababu ya siku hiyo moja. Leo nimejaribu kuikumbuka tena na nikaona mwezi tu, yeye sikumwona.

Aprili 11

Mvua.

Aprili 13

Fundi amesoma masahihisho, sijui kaonyeshwa na nani. Alikuja akiwa na kopo la grisi akaketi juu ya ndoo aliyoigeuza.

"Kwa hiyo mimi nimeharibu kwa kufungua," alisema, "wewe umeharibu kwa kupima, kioo kimeharibu kwa kulowa. Mkuu alikuwa wapi vile?"

"Likizo."

"Ya kioo?"

Tulicheka mpaka karani akaja kuchungulia. Mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Baadaye Fundi alisema, bila mzaha, "Nilifungue leo tena? Kwa siri."

Nikamwambia doa limekwisha, wenzetu wamemaliza. Akaniuliza, "Na ile ya saba?"

Aprili 17

Tumefungua. Ya saba bado inapanda, ila kwa uvivu.

Aprili 22

Imefika kileleni, nadhani. Sawa na tarehe kumi na saba.

Aprili 30

Inashuka.

Mei 5

Baba na mimi tunasalimiana. Anauliza nimeamkaje, najibu salama, ananipitishia chumvi. Mama anatutazama kwa zamu kama anayeangalia maziwa yasichemke yakamwagika.

Mei 9

Mvua.

Mei 13

Inashuka sawasawa. Nimechora mstari na kuuendeleza mbele kwa penseli. Unafika kwenye namba ya Baba, ile ya miaka yote, mwanzoni mwa Juni. Siku ya kufungua kuba ni tarehe nne Juni.

Niliutazama mstari ule mpaka Fundi akauliza kama naumwa.

Mei 14

Nimekwenda kwa Baba. Nilijiapiza kwamba nisingekwenda, lakini nimekwenda. Nilibisha hodi kama mfanyakazi mwingine yeyote.

"Mkuu, nina ombi moja. Usiku wa leo utakuwa mweupe, Fundi amesema. Njoo uipime ya saba. Usinisikilize mimi, usisome karatasi yangu. Kioo kimekaushwa, nimekikausha mwenyewe, kwa kanga yangu. Pima tu kama unavyopimaga."

Alivua miwani. Amezeeka msimu huu, sikuwa nimeona.

"Kwa nini leo?"

"Kwa sababu leo bado iko juu. Ukisubiri mpaka tarehe nne itakuwa imerudi."

Kwa dakika moja nzima niliona kwamba amenielewa. Si kwamba amekubali, amenielewa: macho yake yalikwenda dirishani, juu, upande ambao eneo lile huchomoza, na vidole vyake vikaanza kuhesabu kitu juu ya meza. Nikasema, "Baba."

Alirudisha miwani. "Majira ya kupima hayajafika," alisema.

Nimekuwa nikimwona kama mtu asiyejua. Kuanzia leo siwezi tena. Ni afadhali angekuwa hajui.

Mei 15

Usiku ulikuwa mweupe. Nilipima peke yangu. Iko juu.

Mei 21

Manyunyu.

Mei 27

Jua. Mama ametoa magodoro yote nje. Fundi ameanza kutoa utepe wa gundi.

Juni 1

Kamati inayosimamia kituo imeleta barua ya kuaga na imechagua viti vya kukodi. Kesho kutwa watapaka rangi ngazi. Mrithi wa Baba atatoka nje ya kituo, mtu nisiyemjua. Baba mwenyewe aliniambia tukiwa tunatembea kwenda nyumbani, na akanishika mkono kwa huruma ya kweli. "Nilikutetea," alisema. "Niliwaambia kosa lilikuwa la mvua, si lako."

Nilimshukuru. Kinywa kilisema chenyewe.

Juni 4

Tumefungua kuba. Kamati nzima ilikuja, na wake zao, na mpiga picha. Mama alivaa gauni la kijani. Fundi alivaa tai na akazungusha kuba taratibu kwa heshima zote, bila kelele hata kidogo. Mbingu ilikuwa imesafishwa.

Baba alipanda ngazi peke yake na kukataa kushikwa. Aliielekeza darubini kwenye ya saba bila kutazama namba za mahali pake, kwa mazoea tu, akapiga picha, akapima. Akapima tena. Watu walikuwa wameacha kuongea. Kisha akaisoma namba kwa sauti, na mzee mmoja wa kamati, aliyekuwepo hata zamani, akaitamka naye kwa pamoja kwa sababu anaijua kwa kichwa. Ilikuwa ileile, mpaka tarakimu ya mwisho. Wakapiga makofi.

Baba aliniita kwenye kompyuta, mbele yao. Alikuwa na machozi. Aliniwekea mkono begani kama zamani, akainama sikioni kwangu.

"Unaona, mwanangu," alisema. "Ipo palepale."

Halafu akanipa kalamu niiandike kwenye ubao wa kituo, chini ya namba za miaka mingine yote. Fundi aliniangalia kutoka kwenye reli. Mama aliniangalia kutoka kwenye kiti chake. Mchoro wangu wa mvua nzima ulikuwa mfukoni, umekunjwa mara nne, na Baba alikuwa amesimama karibu nami kiasi kwamba nilisikia harufu ya sabuni yake ya kunyolea.

Niliihakiki namba mara mbili. Ilikuwa sahihi. Nikaiandika.